Bili ya hospitali inapobishaniwa: deni linavyodaiwa Bujumbura

Bili ya hospitali ni dai. Mtoa huduma anaandika kwamba ametibu, anataja bei, kisha anaomba alipwe. Kisheria karatasi hiyo ina uzito uleule wa dai la fundi aliyetengeneza gari au la muuza saruji: inaweza kuwa sahihi, inaweza kuwa na makosa, na aliyepewa ana haki ya kuikagua na kuibishia. Mjini Bujumbura, hata hivyo, fakitire ya hospitali, yaani hiyo bili, mara nyingi huwa na nguvu kuliko hukumu. Bila muhuri wa malipo mgonjwa hapewi karatasi ya kutoka, na bila karatasi ya kutoka mlinzi wa langoni hampitishi. Marekani na nchi kadhaa tajiri hospitali isiyolipwa hukabidhi deni kwa kampuni ya kukusanya madeni, na mdaiwa huanza kupokea simu na barua akiwa kwake. Katika hospitali za Bujumbura mkusanyaji wa deni ni hospitali yenyewe, na hukusanya kabla mgonjwa hajaona mlango wa nyumba yake.

Kwa wakazi wa Buyenzi jambo hili liko karibu sana. Zoni hiyo ya komuni ya Mukaza, yenye mitaa inayotajwa kwa namba, inaishi kwa magereji, uchomeleaji, ushonaji na biashara ya soko la Ruvumera. Ni kipato cha kila siku. Makanika akivunjika mguu, siku hiyohiyo kipato kimekatika, na hana mwajiri wa kumwandikia barua wala bima ya kazini. Mtumishi wa serikali ana Mutuelle de la Fonction Publique, mfuko ulioanzishwa 1980, ambao hulipa sehemu kubwa ya matibabu yake naye akabakiwa na sehemu ndogo. Makanika, mshonaji na mama muuza samaki hawamo humo. Hao ndio hufika dirisha la malipo la Hospitali ya Prince Régent Charles, au la hospitali ya chuo kikuu ya Kamenge ambayo wengi bado huiita Roi Khaled, wakiwa na mfuko mtupu na fakitire wasiyoweza kuisoma vizuri kwa sababu imeandikwa kwa Kifaransa cha kihasibu.

Mfumo huu una historia yake. Hospitali za umma za Burundi zilipewa uhuru wa kujiendesha kifedha, na kuanzia 2002, nchi ikiwa bado vitani, mgonjwa alitakiwa kulipa gharama za matibabu yake. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilichunguza matokeo na kuripoti 2004 kwamba wagonjwa wengi walilazimika kukopa au kuuza mali ili watibiwe, na wengine hawakwenda kutibiwa kabisa. Tarehe 1 Mei 2006 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba kujifungua na matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano vitakuwa bure katika vituo vya umma. Miezi minne baadaye, Septemba 2006, Human Rights Watch na shirika la Burundi la APRODH walitoa ripoti ya pamoja juu ya wagonjwa maskini waliozuiliwa hospitalini kwa kukosa pesa. Walikuwemo kina mama waliopasuliwa ili wajifungue, watoto, na majeruhi wa ajali. Wengine walikaa wiki kadhaa, wengine miezi, wakilindwa na walinzi na wakitegemea chakula cha wagonjwa wenzao.

Baada ya hapo mengi yalibadilika. Mwaka 2010 serikali iliunganisha huduma za bure na utaratibu wa kulipa vituo kulingana na kazi vilivyofanya, nchi nzima. Mwaka 2012 ilifufua kadi ya matibabu, Carte d'assistance maladie, iliyokuwapo tangu 1984 na ambayo kila mtu huiita CAM. Kaya ilinunua kadi hiyo kwa faranga 3,000 kwa mwaka. Serikali ikabeba asilimia 80 ya gharama katika vituo vya umma na mgonjwa asilimia 20. Mipango hii imewaokoa wengi. Haikufuta tatizo, kwa sababu serikali imekuwa ikichelewa kurudishia hospitali pesa zake, na hospitali yenye madai makubwa kwa serikali humwangalia mwenye CAM kama mteja asiyelipa. Hapo ndipo mgogoro mwingi wa bili unapozaliwa: mgonjwa anaamini amelipiwa, mhasibu anaamini hatalipwa.

Fakitire ikifika mkononi, jambo la kwanza ni kudai orodha kamili ya huduma, mstari kwa mstari, pamoja na tarehe. Jumla peke yake haitoshi; hakuna anayeweza kuibishia jumla. Orodha ya hospitali kwa kawaida ina makundi machache: siku za kitanda, upasuaji au tendo la daktari, dawa na vifaa, vipimo vya maabara na picha, huduma za wauguzi. Kila kundi lina makosa yake yanayojirudia.

Siku za kitanda huhesabiwa tangu kuingia hadi kutoka. Ugumu uko kwenye neno kutoka. Daktari akishaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amepona kiasi cha kwenda nyumbani, matibabu ya kulazwa yamekwisha. Siku anazokaa baada ya hapo akisubiri ndugu watafute pesa si siku za tiba. Zikiingizwa kwenye fakitire, mgonjwa anatozwa kwa kuzuiliwa, na deni linakua kwa sababu deni halijalipwa. Kwa hiyo tarehe ya idhini ya daktari ni tarehe muhimu kuliko zote katika mgogoro wa aina hii, na jamaa wa mgonjwa aiulize siku hiyohiyo na kuiandika.

Dawa ndizo eneo la pili. Famasi ya hospitali ikiishiwa, daktari huandika oridonansi, yaani cheti cha dawa, na ndugu hukimbia kununua nje. Glovu, nyuzi za kushonea, dripu na plasta huweza kununuliwa hivyo. Kisha mwisho wa siku vifaa vilevile vinaonekana kwenye fakitire kana kwamba vimetoka stoo ya hospitali. Mara nyingi ni uzembe wa kunakili faili tu, lakini anayeumia ni yuleyule. Risiti za famasi ya nje, zenye tarehe na muhuri, ndizo zinazoondoa mstari huo. Aliyezitupa hana la kuonyesha.

Eneo la tatu ni punguzo ambalo halikutumika. Huduma ya kujifungua katika hospitali ya umma, hata kwa upasuaji, na matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano, yamo kwenye huduma za bure. Yakionekana kama deni la mama, ni haki kuuliza kwa nini. Kadi ya CAM nayo hutakiwa kuonyeshwa mapema, na mgonjwa aliyeletwa na majirani usiku hana kadi mfukoni. Ikiletwa kesho yake, mwombaji asikubali haraka jibu la kwamba amechelewa. Aombe jibu hilo kwa maandishi, kwa kuwa kadi ni ya kaya nzima na uhalali wake unategemea tarehe iliyoandikwa juu yake. Hospitali binafsi ziko nje ya utaratibu huu na hutoza kwa bei zao. Anayelazwa huko aulize bei kabla, kama hali ya mgonjwa inaruhusu kuuliza.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu rahisi. Makanika amelazwa kwa mguu uliovunjika. Fakitire yake inasema: siku 14 za kitanda kwa faranga 5,000 kila moja, jumla 70,000, upasuaji 250,000, dawa na vifaa 180,000, vipimo na picha 60,000, kufunga vidonda 40,000. Jumla kuu ni faranga 600,000. Dada yake anapekua. Daktari alimruhusu siku ya 9, kwa hiyo siku 5 za mwisho, faranga 25,000, si za tiba. Kwenye mfuko wa plastiki ana risiti za famasi za faranga 95,000 za vifaa ambavyo viko pia kwenye fakitire. Vikitolewa hivyo viwili, inabaki 480,000. Makanika ana CAM ambayo haijaisha muda. Kama huduma zote hizo zimo katika mpango, asilimia 20 ni faranga 96,000. Siku ya kuingia familia ililipa kosyo, yaani malipo ya dhamana, ya 50,000 ambayo haikukatwa popote. Kinachodaiwa kihalali ni faranga 46,000. Kutoka laki sita hadi elfu arobaini na sita, bila mtu yeyote kuomba huruma.

Ndiyo maana pingamizi la bili lifanywe kwa maandishi na kwa hesabu, kabla ya kilio. Barua fupi ya Kifaransa au Kirundi inatosha: jina la mgonjwa, namba ya faili, mistari inayobishaniwa, sababu ya kila mstari, nakala za risiti. Inapelekwa kwa mhasibu, na nakala kwa mkurugenzi wa hospitali; nakala ya mwandishi igongwe muhuri wa mapokezi na kutiwa tarehe. Pamoja na barua, familia ilipe ile sehemu isiyobishaniwa na ichukue risiti. Hatua hii hupuuzwa na wengi, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Aliyelipa faranga 46,000 na kueleza kwa nini hakulipa nyingine si mtu anayekwepa deni, na mbele ya mkurugenzi au hakimu tofauti hiyo huonekana mara moja. Hospitali isipojibu, ngazi inayofuata kwa kituo cha umma ni ofisi ya afya ya mkoa, kisha wizara ya afya.

Kuna bili isiyo na kosa lolote ila haiwezi kulipwa. Hiyo ina njia yake nyingine, na ni hatari kuzichanganya njia hizi mbili, maana anayeomba msamaha wa deni hukiri kwamba deni ni sahihi. Kwanza hesabu ikaguliwe, ndipo msaada uombwe. Hospitali kubwa zina mhudumu wa ustawi wa jamii anayejua wagonjwa wasioweza kulipa, wale ambao Bujumbura huitwa insolvables. Uongozi wa mahali, kuanzia kwa shefu wa katiye, yaani mkuu wa mtaa, hadi zoni na komuni, hutoa hati ya kuthibitisha umaskini, na wizara inayoshughulikia mshikamano wa kitaifa hubeba matibabu ya baadhi ya wenye hati hizo. Hati hiyo iombwe mapema, mgonjwa akiwa bado kitandani, kwa kuwa kuitafuta baada ya fakitire kutoka ni kupoteza siku ambazo pengine zinahesabiwa.

Buyenzi ina njia zake pia. Kikundi cha ikirimba, ambamo wanachama huweka pesa kila wiki na kupokezana, huweza kumpa mwenye mgonjwa zamu isiyo yake. Misikiti huchangisha baada ya swala ya Ijumaa, na fiqhi inamtambua mdaiwa aliyeelemewa kuwa miongoni mwa makundi manane yanayostahili zaka, kwa hiyo kumlipia mgonjwa deni la hospitali ni matumizi halali kabisa ya fungu hilo. Wafadhili na makundi ya dini huenda hospitalini, hasa wakati wa sikukuu, kulipia waliokwama. Ni wema mkubwa. Lakini mchango ukikusanywa kulipa fakitire ambayo hakuna aliyeikagua, pesa za majirani hulipa na yale makosa. Kamati ya msikiti au ya ikirimba ina haki ya kuona orodha ya mstari kwa mstari kabla ya kutoa hata faranga moja.

Mgonjwa akishindwa kulipa na kuzuiliwa, swali linahama kutoka kwenye hesabu kwenda kwenye uhuru wa mtu. Hapa sheria haina utata. Burundi ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa tarehe 9 Mei 1990, na kifungu cha 11 cha mkataba huo kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Kifungu cha 19 cha Katiba, ile ya 2005 na hata hii ya 2018, kinaifanya mikataba ya haki za binadamu iliyoridhiwa kuwa sehemu ya Katiba yenyewe. Kanuni ya adhabu nayo inamwadhibu anayemshikilia mtu kiholela. Ikiwa hata hakimu haruhusiwi kumfunga mtu kwa deni tupu, mhasibu wa hospitali hawezi kuwa na mamlaka hayo.

Watetezi wa hospitali wana hoja inayostahili kusikilizwa. Wanasema dawa hununuliwa kwa pesa, umeme hulipwa kwa pesa, na mgonjwa akishatoka hapatikani tena. Hoja hiyo ni ya kweli kwa upande wa bajeti, na lawama kubwa ni ya dola inayoahidi asilimia 80 kisha ikachelewa kuilipa. Lakini kumzuilia mgonjwa hakujazi sanduku la fedha. Anayeshikiliwa hafanyi kazi, kitanda chake hakipati mgonjwa mwingine, na ndugu anayemletea chakula naye ameacha shughuli zake. Taasisi ya Chatham House ya London ilichapisha mwaka 2017 uchunguzi ulioonyesha kwamba desturi hii iko katika nchi nyingi, hasa za Afrika kusini mwa Sahara, na kwamba mizizi yake ni ileile kila mahali: mgonjwa kutakiwa kulipa papo kwa papo bila bima. Lubumbashi, nchini Kongo, utafiti uliochapishwa 2019 katika hospitali moja kubwa ulikuta kwamba kushikiliwa baada ya kujifungua ni jambo la kawaida kwa wanawake wasio na pesa.

Kesi inayotajwa zaidi katika Afrika Mashariki ni ya Nairobi. Wanawake wawili waliozuiliwa mwaka 2010 katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa walifungua shauri la kikatiba, na tarehe 17 Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akaamua kwamba kuwashikilia kulivunja haki zao, zikiwemo za uhuru, utu na afya. Mmoja aliamriwa alipwe shilingi za Kenya milioni 1.5, mwingine 500,000. Hukumu hiyo haimfungi hakimu wa Burundi. Hata hivyo Kenya na Burundi zote zimo katika mkataba uleule wa haki za kiraia na kisiasa, na wakili wa Bujumbura anaweza kuiweka mezani kama mfano wa namna jirani alivyousoma.

Familia yenye mgonjwa aliyezuiliwa iandike barua ya pili, tofauti na ile ya hesabu, ikieleza kwamba inatambua deni, au sehemu yake, na kupendekeza malipo ya awamu, lakini haikubali mgonjwa kuwekwa kama rehani. Nakala iende kwa Tume ya Taifa Huru ya Haki za Binadamu, CNIDH, iliyoundwa kwa sheria ya Januari 2011, na kwa Ombudsman, ambaye ofisi yake ilianza kazi 2010 na hupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya taasisi za umma. Mara nyingi simu moja kutoka ofisi kama hizo hufungua lango haraka kuliko kesi. Na wakati haya yanaendelea, matibabu yasikatwe. Mwenye kidonda kinachohitaji kusafishwa asafishwe, na wauguzi wana wajibu huo kwa maadili ya kazi yao wenyewe.

Maiti nayo hushikiliwa. Kwa familia ya Kiislamu ya Buyenzi, inayotaka kuzika siku hiyohiyo, shinikizo la namna hii ni kubwa mno, na ndiyo sababu watu husaini chochote wanachopewa. Pwani ya Kenya suala hili lilifika mahakamani zamani: mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Mombasa, katika shauri dhidi ya hospitali ya Pandya Memorial, ilikataa maiti kugeuzwa dhamana ya deni. Mwili wa marehemu si mali ya mtu, kwa hiyo hauwekwi rehani; hospitali inabaki na haki ya kudai pesa zake kwa njia ya kawaida. Hoja hiyo inasimama vizuri popote, na inafaa kuelezwa kwa utulivu kwa mkurugenzi, pamoja na ahadi ya malipo iliyoandikwa kwa kiasi ambacho familia inakiweza kweli.

Mgonjwa akitoka bila kumaliza kulipa, deni humfuata nyumbani. Kwa kawaida hospitali hutaka mambo matatu: saini kwenye hati ya kukiri deni, mdhamini, na pengine kitu cha kushikilia. Hati ya kukiri deni ni karatasi nzito. Anayeisaini kwa kiasi chote amefuta pingamizi lake lote, maana amekiri. Aandike kwa mkono wake kiasi anachokubali tu, na aongeze kwamba mistari fulani inabishaniwa kwa barua ya tarehe fulani. Mdhamini naye aelewe kwamba si shahidi: mdaiwa akishindwa, yeye ndiye atakayegongewa mlango. Kwa hiyo kiasi cha udhamini na mwisho wake viandikwe. Ama kitambulisho, karangamuntu, ni hati inayotolewa na dola. Kuiacha droo ya hospitali ni kumnyima mtu uwezo wa kusafiri, kupokea pesa na hata kutafuta hiyo kazi itakayolipa deni. Isitolewe. Kama hapana budi kuacha kitu, simu au pikipiki iachwe kwa hati inayotaja thamani yake na tarehe ya kukombolewa.

Hatua hii ya deni lililokwenda nyumbani ndiyo ambayo sheria za Marekani zimeishughulikia kwa undani, na inawahusu watu wa Buyenzi zaidi ya inavyodhaniwa. Maelfu ya Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kuishi kambini Tanzania walihamishiwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 2000, wengi wao wakizungumza Kiswahili, na wengine wamefuata baadaye. Huko bili ya hospitali huja kwa posta, kwa Kiingereza, na ikipuuzwa hupelekwa kwa wakusanyaji. Sheria ya shirikisho ya 1977 juu ya ukusanyaji wa madeni inampa mdaiwa siku 30 tangu apokee taarifa ya mkusanyaji kuandika kwamba anabishia deni. Akiandika, mkusanyaji lazima asimame hadi alete uthibitisho. Barua ndiyo inayosimamisha, simu haitoshi. Hospitali zisizo za kibiashara, ambazo ni nyingi, zinatakiwa kuwa na mpango wa msaada kwa wenye kipato kidogo, kupokea maombi hadi siku 240 baada ya bili ya kwanza, na kutochukua hatua kali kama kushtaki kabla ya siku 120. Tangu 2023 kampuni kubwa tatu za taarifa za mikopo hazionyeshi madeni ya matibabu yaliyo chini ya dola 500. Mzee aliyezoea Bujumbura, ambako kunyamaza na kusubiri ndugu huweza kuleta nafuu, aelezwe na wanawe kwamba huko kunyamaza ndiko kunakompoteza.

Bujumbura, deni lililokwenda nyumbani linatawaliwa na kanuni ya jumla ya mikataba, amri ya tarehe 30 Julai 1888 iliyotolewa wakati wa Dola Huru ya Kongo, ikarithiwa kupitia utawala wa Kibelgiji, na ambayo bado ndiyo msingi wa madai ya kiraia. Kanuni yake juu ya ushahidi ni fupi: anayedai wajibu utimizwe authibitishe, na anayesema ameshalipa athibitishe malipo. Maana yake kwa vitendo ni kwamba hospitali ilete faili, saini za madaktari na orodha ya bei. Mgonjwa alete risiti. Mfuko wa plastiki wa yule dada unageuka kuwa ushahidi.

Kabla ya mahakama, wazee wa mtaa, abashingantahe, huweza kukaa na pande mbili, na kwa hospitali au kliniki iliyo jirani na inayojali jina lake njia hiyo hufaa. Makubaliano yaandikwe na kusainiwa. Ikishindikana, madai madogo husikilizwa na Sentare y'Intango, mahakama ya ngazi ya chini kabisa iliyo karibu na makazi ya watu, na makubwa zaidi huenda Sentare Nkuru. Mdaiwa akipata wito aende. Wengi hujificha kwa hofu, hukumu ikatolewa bila wao, na ndipo wisiye, mtekelezaji wa hukumu za mahakama, anapofika na amri ya kukamata mali. Wisiye asiye na hukumu mkononi hana la kukamata, na mtu yeyote anayefika nyumbani akidai mali kwa jina la hospitali aombwe kwanza karatasi yenye muhuri wa mahakama.

Hakimu ana uwezo wa kugawa deni katika awamu, na hospitali inayojua hivyo hukubali mapema mpango wa faranga elfu chache kwa mwezi badala ya kusubiri hukumu. Hiyo ndiyo njia halali ya kukusanya deni la matibabu, na iko wazi kwa kila hospitali ya Bujumbura, ya umma na ya binafsi. Inayoiamini fakitire yake ipeleke dai lake huko, na mgonjwa alale kwake Buyenzi akisubiri siku ya kusikilizwa.